Rubisi Haifungwi kwa Spana

Watu wazima wakistaafu hupewa saa ya ukutani, baiskeli, na hotuba ndefu ya mtu ambaye hakuwahi kuwapenda. Mimi nimepewa sanduku la bati, godoro la sponji na kwanja. Kwanja si zawadi. Shule hii ya bweni ninakoandikia haya iliagiza kila mwanafunzi aje nalo, na tangu nimefika nimeshafyeka nyasi nyingi kuliko nilivyosoma vitabu. Kwa hiyo kazi yangu ya ukaguzi wa gari la familia, niliyoianza nikiwa darasa la nne, imekwisha. Nina miaka kumi na mitano, na mgongo bado mzima. Ofisi namwachia Adela. Akichoka Adela, atashika Deo, akishajifunza kutofautisha jeki na nyundo. Haya ni yenu ninyi wawili, wadogo zangu. Baba msimwonyeshe. Mkimwonyesha, mwambieni nawasalimu wote.

Gari mnalijua. Ile pikapu Baba aliiuziwa na mwalimu mwenzake, na mwenzake yule alikuwa anatabasamu sana siku ya kukabidhi funguo. Tuliiita Mgonjwa kwa sababu nyumbani kwetu Mugoma swali la kwanza asubuhi halikuwa umelalaje, lilikuwa "Mgonjwa kaamkaje?" Betri yake ilihitaji maombi. Breki zake ulikuwa huzikanyagi, ulikuwa unazishauri.

Siku yangu ya kwanza kazini Baba alinipeleka Ngara mjini kwa Mzee Shebe, fundi na muuza vipuri. Watu wa kwao walitoka Tanga zamani wakifuata biashara, naye amekaa Ngara mpaka baridi anailalamikia kwa Kihangaza.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Huyu ndiye?"

"Ndiye," Baba akasema. "Ana macho makali, ila mdomo ni mkali zaidi."

"Mdomo tutaufungia chini ya boneti."

Akaniambia nilizunguke gari, mikono nyuma, nisiguse kitu. Nikazunguka. Akaniuliza nimeona nini. Nikasema nimeona gari. Akanirudisha. Nilipomaliza mzunguko wa pili akauliza tena, nikasema nimeona gari bovu.

"Ahaa," akasema. "Sasa tunaanza kuelewana."

Mambo aliyonifundisha ni haya, na Adela uyashike, maana mimi sitakuwepo kukukumbusha. Tairi hulitazami kwa macho, unalipapasa kwa kiganja, pande zote, mpaka ule upande wa ndani ambako misumari hujificha. Kila nati uishike kwa vidole na kuitikisa kama jino la mtoto. Kabla gari halijaondoka tazama ardhi mahali lilipolala. Likiwa limejikojolea, usitafute kitambaa, tafuta limepasuka wapi. Tangi likivuja kidogo, paka kipande cha sabuni ya mche, ile ngumu. Spea ijazwe upepo hata kama huna mpango wa kupata pancha, kwa kuwa pancha haina mpango na wewe.

"Watu wanaogopa pori," aliniambia siku ile huku akifuta mikono. "Lakini gari haliwaui watu porini. Linawaua hapo uani kwao, kabla hawajaondoka. Porini wanaenda tu kupokea taarifa."

Nilicheka. Yeye hakucheka.

Kifaa changu kikuu alinipa yeye: gogo la mkaratusi lililochongwa upande mmoja, la kuzuia tairi kwenye mwinuko. Nililiita Breki ya Pili, ingawa kwa haki lilikuwa breki ya kwanza. Nchi yetu haina tambarare, ina vilima vinavyopokezana abiria. Baba akisimama tu, mimi naruka chini na gogo langu kabla Mgonjwa hajaanza kurudi alikotoka. Na mawasiliano yetu yalikuwa ya kugonga paa: mara moja, twende; mara mbili, simama.

Kesi ya kwanza ngumu ilikuwa ya kuku. Baba alitaka kwenda Kirushya kuchukua mbegu za maharage, ana haraka, mimi nikasema boneti haijafunguliwa. Akafoka kwamba injini ilikuwa nzima jana. Nikafungua. Juu ya injini alikuwa amekaa tetea wa Mama, ametulia kama mke wa mkuu wa wilaya, na chini yake mayai. Mama alisema nimeokoa kuku. Baba alisema nimechelewesha safari. Tangu hapo cheo changu kikawa kinategemea nani anaulizwa.

Sasa nije kwenye lenyewe.

Ninyi mmekulia miaka hii ya wakimbizi, hamjui kama zamani watu walipita pori la Biharamulo wakiimba. Sisi tumezoea malori ya mahindi ya kambini usiku na mchana, soko limechangamka, na habari za watekaji kila juma. Kikipotea kitu, watu wanasema ni wakimbizi. Hata jogoo wa jirani yetu walisema ni wakimbizi, mpaka manyoya yalipopatikana kwa jirani mwenyewe. Ila watekaji walikuwepo kweli, wa kila namna, na bunduki zao hazikuuliza kabila. Ndiyo maana magari yalikusanywa kwenye kizuizi, yakapita kwa eskoti: gari la askari mbele, gari la askari nyuma, sisi katikati kama nyama kwenye sambusa. Amri ni tatu. Hakuna kupitana. Hakuna kusimama. Hakuna kuchimba dawa.

Baba aliapa hatatupitisha huko. Kisha dada yetu Jeni, aliyeolewa Nyabusozi, ng'ambo ya pori, akajifungua mtoto wa kwanza, akatuma neno kwamba ubatizo ni Jumapili na kwamba hajaamka vizuri tangu uzazi, anamtaka Bibi. Bibi alisikia neno hilo akiwa anapalilia. Aliweka jembe chini na kusema, "Mimi nakanyaga ndizi leo."

Mnajua desturi: mzazi hatembelewi mikono mitupu. Watu wa kwao humpelekea chakula na rubisi, pombe ya ndizi, na yeye mzazi ndiye hunywa wa kwanza, ndipo wengine wanapata ruhusa ya kufurahi. Basi Bibi akatengeneza rubisi yake, akaweka mtama, tukaijaza kwenye madumu mawili ya plastiki, yale ya njano ya mafuta ya kula, kwa sababu vibuyu Mgonjwa angevivunja vyote kabla ya lami. Ilikuwa bado changa, inachemka yenyewe pole pole. Midomoni mwa madumu Bibi akaweka vizibo vya majani makavu ya mgomba, kama anavyofanya siku zote.

Baba alikuwa halali. Alikuwa mtu wa kuzunguka uani, anafunga hiki, anafungua kile. Alitafuta shati bovu kuliko yote, ili asionekane ana kitu. Lilikuwa bovu hata jambazi angemchangia. Nguo za kanisani Mama alizificha ndani ya gunia la maharage. Mimi nilipapasa matairi mpaka viganja vikawa vyeusi. Kisha Baba akayaona yale madumu.

Mnakumbuka safari ya nyuma? Rubisi ilimwagika kupitia majani, ikanukisha gari zima, na kwenye kizuizi cha Ngara mjini askari akamwambia Baba, mjumbe wa parokia wa kupinga ulevi, atembee kwenye mstari. Hakusahau.

"Mama," akamwambia Bibi, "safari hii kila kitu kinafungwa. Kila kitu."

"Rubisi inapumua, mwanangu. Ukiiziba pumzi itakutafuta."

"Ni dumu, Mama, si ng'ombe."

Akatupa majani, akarudishia vifuniko vya plastiki, akachukua ile spana kubwa ya mabomba, akavikaza mpaka vikalia. Mimi nikasema, "Baba, yatatupigia mizinga kama Rais anapita." Mama akacheka. Adela akacheka. Baba akasema ukaguzi wangu unaishia kwenye magurudumu. Ubaya wa kutania kila siku ni huo: siku unaposema kweli, watu wanakupigia makofi.

Jambo la mwisho kabla ya kuondoka lilikuwa Deo. Deo, wewe uliachwa kwa shangazi, na ulilia mpaka ukashika bampa. Ulidhani ni adhabu ya lile sufuria la Mama ulilotoboa. Mimi nami nilikutania kwamba huna nauli. Mama alikubandua vidole kimoja kimoja. Bibi akaniambia pembeni, "Usimcheke. Wakati wa mashaka nyumba haihami yote kwa pamoja. Mbegu inabaki." Niliitikia tu, kama unavyoitikia mambo ya wazee.

Kizuizini tuliwekwa katikati ya basi na lori la mahindi. Mbele kwenye kabini walikaa Baba, Mama na Bibi. Nyuma tulikaa mimi na Adela, ndizi, gunia la maharage, gogo langu na yale madumu mawili. Jua lilikuwa la mchana, la kupasua mawe. Tukaingia porini. Kule mbele Bibi alianza Salamu Maria, na kwenye kila shimo sala ilikatika, akaianza upya.

Sikutania mtu. Nilikuwa natazama miti. Kila kisiki kilikuwa na kichwa na mabega.

"Kaka Festo," Adela akasema, "dumu linanenepa."

Niligeuka. Lile dumu lilikuwa limevimba mashavu kama mpiga tarumbeta. Nikaweka kiganja: gumu, kama ngoma iliyoanikwa. La pili vilevile. Nikashika kifuniko, nikazungusha kwa nguvu zote, nikashikilia kwa shati, nikazungusha huku nimeuma meno. Hakikusogea. Koleo na spana vilikuwa kwenye kabini, nyuma ya kiti cha Baba.

Nikainua ngumi nigonge paa mara mbili.

Ngumi ikabaki hewani. Hakuna kusimama. Nyuma ya lori niliona kofia ya askari aliyesimama na bunduki. Tukisimama, na lori litasimama, na kila mtu atauliza kwa nini. Tusiposimama, kitu hiki kitalia hapa, katikati ya watu ambao vidole vyao viko tayari. Adela alinitazama. Alikuwa anangoja mkaguzi aamue.

Dumu likaamua.

Paaa! Kifuniko kikapiga bati la kabini, paaa tena. Sijui nani alimlalia nani. Nilijikuta sakafuni, Adela chini yangu, na kitu cha vuguvugu kinatiririka shingoni. Nikajua ni damu. Sikujua ni ya nani.

"Ni wewe au mimi?" nikauliza.

"Ni rubisi. Toka, unaniponda."

Baba alikuwa amesikia risasi mbili. Akakanyaga mafuta. Mgonjwa, ambaye hajawahi kukimbia hata akifukuzwa, akakimbia. Gari la askari la mbele likakata barabara, basi likafunga breki, Baba akashauriana na zetu, zikakubali dakika ya mwisho. Vumbi. Askari waliruka wakalala mtaroni. Halafu kimya kile. Mnaposikia watu wanasema kimya cha pori, si kwamba hakuna sauti. Mtoto alikuwa analia ndani ya basi, na ndege wanaendelea na shughuli zao. Ila kila mtu anangoja sauti moja tu.

Nikiwa nimelala pale, nimelowa pombe, nilimfikiria Deo. Nikamwona amekaa kwa shangazi, amenuna. Hapo ndipo nilipoelewa mbegu ni nini.

"Nani amepiga?" Afande alikuwa anakuja, ameinama, bunduki mbele. "Shukeni! Mikono juu!"

Baba akashuka na shati lake la huruma. "Si sisi, Afande. Sisi tumepigwa."

Bunduki ikageukia nyuma kwetu, ikapita juu yangu, ikatua kwenye dumu la pili, ambalo wakati ule lilikuwa linafanya kazi yake ya kuvimba bila haya.

"Afande," nikasema, mikono juu, "nakuomba usilipige lile. Lile bado."

"Bado nini?"

"Bado halijapasuka."

"Wewe, unanitania?"

Mara ya kwanza maishani nilikuwa sitanii, na uso wangu haukujua unakaaje. Nilihisi unajichekea wenyewe, kwa mazoea. Nikaona kidole chake.

Mlango wa kabini ukafunguka. Ukatoka mguu, ikatoka fimbo, akatoka Bibi.

"Bibi, simama hapo hapo!"

"Nimesimama. Shikamoo iko wapi?"

Afande akameza mate. "Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Elekeza hicho chuma kwingine. Hiyo ni rubisi ya mzazi, imezibwa pumzi." Akamgeukia Baba, na sauti ikashuka. "Njoo ufungue ulichofunga."

Baba akachukua spana. Spana ikawa inagonga dumu, ti-ti-ti. Bibi akafunika kifuniko kwa kanga yake, akaweka mkono wake juu ya mkono wa Baba, kama anamfundisha mtoto kuandika a. "Pole pole. Pole pole." Tsssss. Ilitoa pumzi ndefu, na askari mmoja mtaroni naye akatoa yake. Kisha Bibi akaingiza mkono kifuani, akatoa kizibo cha majani makavu ya mgomba. Alikuwa amekiokota uani asubuhi, Baba alipokitupa. Akakipachika. Ukawa mwisho wa bomu.

"Mzee," Afande akasema taratibu, na utaratibu ule ulikuwa mbaya kuliko kufoka, "unajua tuko wapi?"

Tulijua. Ile kona kila mtu aliijua. Gari la mwisho kutekwa lilitekwa pale.

"Washeni! Ondokeni!"

Baba akawasha. Krrr. Krrr. Kimya. Mgonjwa amezimia.

Barabara pale iliinamia mbele kidogo. Niliruka nikaweka gogo mbele ya tairi, kwa mazoea tu. Kwenye basi watu walikuwa wanatutukana kwa lugha zote za wilaya mbili. Afande akasema tuache gari, tupande lori. Baba akamtazama Bibi, ambaye kulipanda lori lile kungekuwa safari nyingine. Mama peke yake akashuka, akaenda nyuma ya Mgonjwa, akaweka bega. Mama yetu, na kilemba chake.

Wakashuka wengine. Wale wale waliokuwa wanatutukana, na hawakuacha kututukana. "Sukuma, walevi wakubwa ninyi!" Mama mmoja wa kambini alisukuma na mtoto mgongoni. Utingo wa lori akaniambia, "Dogo, chomoa gogo!" Nikachomoa. Mgonjwa akajikongoja, akakohoa, akashika. Nikakimbia, Adela akanivuta kwa ukosi. Nilipokaa ndipo nikaona mikono yangu iko mitupu. Breki ya Pili ilibaki kwenye ile kona. Iko huko mpaka leo, labda na watekaji nao wana gari la aina yetu.

Tulifika Nyabusozi jua likiwa bado liko juu. Jeni alitoka mlangoni ameshikilia ukuta, amekonda, akatunusa mmoja mmoja. "Mbona mnanukia kilabu?" Bibi akamkalisha, akamimina kikombe kutoka dumu lililobaki, akamshikia mpaka akanywa. Kisha akapokea mtoto, akamfunika na kanga ile ile. Jeni alilala jioni ile bila kushtuka, mume wake alituambia, kwa mara ya kwanza tangu uzazi.

Baba hakuingia ndani. Alikuwa amekaa kwenye bampa, anaitazama mikono yake.

"Ulijua?" akaniuliza.

"Nilisema, Baba."

"Ulisema kwa mzaha."

"Mdomo wangu ndivyo ulivyo."

"Basi siku nyingine nitakuuliza mara mbili," akasema.

Na aliuliza. Tangu siku ile, kabla hatujaondoka popote, hata kama ni kwenda tu Ngara mjini kununua chumvi, alimzungukia kila mtu: Bibi, Mama, Adela, na Deo hata kama anabaki. "Kuna kinachokuogopesha?" Na aliposikia jibu alikwenda kulitazama, hata kama ni upuuzi. Deo, ulimwambia unaogopa kioo cha pembeni, kinakukonyeza. Alikikaza.

Tuliporudi, shangazi alisema hujala. Ulikuwa umekaa kando ya barabara na lile sufuria. Mama alikukumbatia mpaka ukalalamika harufu. Sikukutania siku ile, na sijakutania tena kuhusu nauli. Nilitaka ujue kwa nini.

Siku ya kuja huku mlinisindikiza stendi. Nilikuwa na sanduku, godoro, kwanja, na kinywa kikavu. Safari hii mpango ulikuwa umepinduka: nyumba yote inabaki, mimi peke yangu napita. Nilitafuta utani wa kusema, sikuupata.

Adela, wewe ukaanza kulizunguka basi. Mikono nyuma kwanza. Kisha ukapiga magoti, ukapapasa matairi upande wa ndani, ukatikisa nati moja moja. Kondakta akaona.

"We binti, wewe ni trafiki?"

"Mkaguzi," ukasema.

"Mkaguzi wa nani?"

"Wa yule." Ukanionyesha kwa kidevu.

Abiria wakacheka, kondakta akasema tunachelewa kizuizini, dereva akapiga honi. Baba akasimama mbele ya basi lile na shati lake zuri, hakusogea. Ukamaliza mzunguko. Hukukuta kitu. Baba akainama kidogo, kama anavyoinama kwa watu wazima, akakuuliza, "Kuna kinachokuogopesha?"

Ulilitazama basi. Ukanitazama mimi dirishani.

"Kipo," ukasema. "Ila si cha gari."

Kisha ukagonga bodi mara moja.